Watoto wangu ni nusu Wagogo nusu Waayalandi: nianzeje kuwawekea sikukuu ya Patrick hapa Dodoma?

MAMA AOIFE, IPAGALA

Mbukwenyi wote. Wazee wa humu, shikamooni.

Mimi ni Mgogo wa Bahi, nafundisha shule ya msingi hapa mjini. Mume wangu ni Muayalandi, kwao Mayo, magharibi kabisa mwa nchi yao ambako mvua haijui kupumzika. Huku kwetu anachimba visima, kwa hiyo wiki nyingi yuko Kongwa au Manyoni, anarudi vumbi limemjaa hadi kwenye kope. Watoto ni wawili: Aoife ana miaka tisa, Ronan sita. Wote wamezaliwa hapa. Kigogo wanakisikia, Kiswahili ndicho chao, Kiingereza ni cha baba.

Mwaka jana tarehe 17 Machi bibi yao wa Mayo alipiga simu ya video akiwa amesimama barabarani, gwaride la Mtakatifu Patrick, msimamizi wa Ayalandi, linapita. Matrekta yamefungwa bendera, watoto wa shule nyuso za kijani, wazee na filimbi zao. Ronan akatazama mpaka simu ikakatika, kisha akauliza, "Na la kwetu linapita saa ngapi?" Baba yake alikuwa Manyoni. Nikamwambia akaoge.

Tangu hapo ninalifikiria. Mume wangu ukimwuliza kwao walikuwa wanafanya nini siku hiyo, anajibu kama anatoa maelezo polisi: "Tulienda kanisani, tukaangalia gwaride, tukala." Basi, hakuna zaidi. Kwake ni kitu kilichokuwepo tu, hakuna aliyekianzisha. Wanaume mna bahati, mila zenu hupikwa na watu wengine.

Kwa hiyo imeniangukia mimi, na haya ndiyo yanayonikwaza.

Nikitafuta mtandaoni naletewa bia ya rangi ya kijani na kofia za plastiki. Pombe sitaki iwe ndiyo sikukuu ya watoto wangu, na plastiki ya kuagiza kwa dola pia sitaki.

Sisi ni Waanglikana, tunasali Kanisa Kuu la Roho Mtakatifu pale katikati ya mji. Mama mmoja wa kwenye kwaya amenishika mkono akaniambia Patrick ni mtakatifu wa Wakatoliki, niangalie ninawapeleka wapi watoto. Tena siku yenyewe daima iko ndani ya Kwaresima. Na kwa mwaka huu wa 2026 Ramadhani nayo itakuwa haijaisha, wakati nusu ya marafiki wa watoto wangu mtaani ni Waislamu. Ni Jumanne, siku ya shule. Sare zitakuwa za bluu na nyeupe kama kawaida.

Halafu kuna mama yangu. Anasema, "Unawafundisha matambiko ya Wazungu wakati hata nyimbo zetu za nindo hawajui kuitikia." Alisema huku anapepeta uwele, hata hakuniangalia. Jibu sina, kwa sababu kweli hawajui.

Sitafuti sherehe ya siku moja ya kupigia picha. Nataka kitu ambacho Aoife akiwa mtu mzima, popote atakapokuwa, atakifanya bila kunipigia simu kuuliza. Mila ya familia mnaianzishaje pale ambapo nyumba nyingine zote za mtaa hazina? Na chakula nitumie nini ambacho nitakipata Soko la Majengo, sio cha kuagizwa?

Naombeni mawazo. Wenye kejeli nao nawakaribisha, ila msiwe wengi.


KATEKISTA MSTAAFU

Marahaba mwanangu.

Nianze na huyo wa kwaya. Patrick aliishi karne ya 5. Kutengana kwetu na Roma kulikuja miaka zaidi ya elfu moja baadaye. Sasa mali ya nani hapo? Kanisa Kuu la Mtakatifu Patrick lililoko Dublin ni la Waanglikana. Mji wa Armagh una makanisa makuu mawili, moja la Wakatoliki na jingine la Waanglikana, na yote mawili yanaitwa kwa jina lake. Mwambie mama huyo aimbe kwa amani.

Lakini neno langu hasa ni hili: wape watoto kisa chenyewe, maana kisa cha Patrick kinamwingia mtoto wa Ugogo kuliko anavyoingiwa mtoto wa London. Patrick hakuwa Muayalandi. Alizaliwa Uingereza wakati Warumi wako huko au ndio wanaondoka. Baba yake shemasi, babu yake kasisi. Akiwa na miaka kama kumi na sita wakaja watekaji, wakamchukua yeye na maelfu ya wenzake, akauzwa utumwani Ayalandi. Kazi aliyopewa ni kuchunga. Miaka sita anachunga mifugo ya mtu, mvua na baridi juu yake, na anaandika mwenyewe kwamba huko machungani ndiko alikojifunza kusali, mara mia kwa mchana na karibu hivyohivyo usiku. Kisha akatoroka, akatembea maili kama mia mbili hadi alipopata meli. Akafika kwao. Na baadaye, akiwa mtu huru, akarudi kulekule kwa waliomfanya mtumwa, safari hii kuhubiri.

Hayo si hadithi za kutungwa na watu wa baadaye. Ameyaandika mwenyewe kwa Kilatini katika ungamo lake, na lipo hadi leo. Ipo pia barua yake ya ukali kwa askari wa mtawala mmoja aliyeitwa Coroticus, waliowateka Wakristo wake wapya wakawauza. Unaisoma unasikia mtu ambaye kamba ya utumwa ilimkaa mwilini.

Mimi nilihudumu Mpwapwa muda mrefu. Mnajua njia ya misafara ya kutoka Tabora kwenda Bagamoyo ilipita wapi: ilikata Ugogo yote hii, na wababu zetu walikuwa wanatoza hongo, yaani ushuru, kwa maji na kwa kupita. Ndani ya misafara ile walikuwemo watu waliofungwa. Mtoto wako akisikia kwamba Patrick alitembea hivyo, na wewe ukamwonyesha kwa kidole upande wa Mpwapwa, hatasahau.

Fanya hivi. Jioni ya tarehe 17 kisa kisimuliwe, lakini usisimulie wewe. Mwaka huu Aoife, mwakani Ronan, wanapokezana. Atakosea, ataongeza chumvi, muacheni. Anayesimulia ndiye anayekumbuka.

Habari ya nyoka sikia. Watu husema Patrick alifukuza nyoka wote Ayalandi. Nchi ile haikuwa na nyoka tangu barafu kuu ilipoyeyuka, bahari iliwazuia kufika. Usiende kumdanganya mtoto ambaye ameona kifutu kwenye zizi la babu yake Bahi.


JIKONI KWA SHANGAZI

Mama Aoife mdogo wangu, mimi nakuja na sufuria.

Nimekulia karibu na Hospitali ya Makiungu, Singida. Enzi hizo ilikuwa mikononi mwa masista Waayalandi, wale wa Medical Missionaries of Mary. Mama yangu alikuwa anafanya kazi jikoni kwao, ndio maana mkate huu naujua toka utoto wangu bila kujua kama una nchi.

Ni mkate wa soda. Hauna hamira, hausubiri kuumuka, na kitu chake kikuu ni maziwa mgando, ambayo Dodoma unayapata mlangoni. Chukua unga wa ngano nusu kilo kasoro kidogo, ukipata ule usiokobolewa changanya nusu kwa nusu. Tia kijiko kimoja cha chai cha bekingi soda na kimoja cha chumvi. Angalia vizuri: bekingi soda, sio bekingi pauda, na wala sio magadi ya mlenda. Fukua shimo katikati, mimina maziwa mgando kikombe kimoja na nusu, changanya kwa mkono mmoja haraka haraka. Ukiona mkavu ongeza kidogo. USIUKANDE. Najua mikono yako imezoea chapati, itawasha kutaka kukanda, izuie. Soda ikikutana na ule uchachu wa maziwa gesi inaanza palepale, ukichezea unga gesi yote inaishia mezani na mkate unakuwa tofali.

Ufinyange mviringo, chora msalaba kwa kisu uingie ndani hasa. Wapo wanaosema ni baraka, na wapo wanaosema ni ili moto ufike katikati. Masista walikuwa wanasema yote mawili.

Kama huna oveni usihangaike. Sufuria kubwa, mchanga mkavu chini, funika, pasha moto. Mkate kwenye chombo chake ndani, mkaa wa wastani chini, mkaa mwingi kidogo juu ya mfuniko. Dakika arobaini hivi. Ukiugonga chini ukatoa mlio wa kitu kitupu, umeiva. Wape Ronan na dada yake kazi ya kuchora msalaba kila mwaka. Hiyo tu inatosha kuwa mila.

Kingine ni viazi. Chemsha viazi mviringo, ponda na maziwa ya moto, changanya na kabichi iliyochemshwa au sukuma wiki iliyokatwa nyembamba, na majani ya kitunguu. Ukipakua fanya kishimo juu, weka siagi iyeyuke humo, kila mtu anachota kutoka pembeni akichovya katikati. Wanakiita colcannon. Watoto wanakipenda kwa sababu ya lile ziwa la siagi.

Nyama usijisumbue na ile ya ng'ombe ya chumvi unayoiona kwenye mitandao, hiyo ni ya Waayalandi waliohamia Marekani. Kwao nyumbani ni nyama ya nguruwe na kabichi. Ila kwa mtaa wako wenye Waislamu pika mchuzi wa mbuzi au kondoo na viazi na vitunguu, maji mengi, moto mdogo, muda mrefu. Na hicho nacho ni cha kwao kabisa, wala hutakuwa umeghushi.


MRANGI WA KISASA

Shemeji, sisi Waislamu tusiwe kikwazo. Mwaka huu siku hiyo tutakuwa tumefunga, hivyo chakula kikiwa tayari jua linapozama umetupa futari. Viazi vya kupondwa, mchuzi wa mbuzi, mkate wa maziwa mgando, na tende nitaleta mimi. Nguruwe asiwepo hata jikoni, na vyombo viwe safi. Kwaresima yenu na Ramadhani yetu zimekutana tarehe hiyo 17 Machi miaka mitatu mfululizo sasa, 2024, 2025 na huu, kwa hiyo sote tuna njaa wakati mmoja, hiyo ni neema ya pekee kwa mpishi.

Wanangu watauliza Patrick ni nani. Nitawaambia ni mchungaji wa mifugo aliyekuwa mtumwa. Hapo hapana ubaya.


MWANA WA CHILONWA

Mimi ndiye mwenye kejeli uliyemkaribisha.

Mama yako ana hoja, na naona mnaipita pembeni kwa harufu ya mkate. Watoto wa Kigogo wa hapa mjini hawajui zeze linapigwa vipi, hawajui ngoma ya muheme, wanajua nyimbo za simu. Leo tunakaa kupanga gwaride la Mayo. Watoto wana baba, sawa, lakini wanaishi kwetu.

Halafu kuna jambo hakuna aliyeligusa. Tarehe 17 Machi kwa Watanzania wengi ni siku aliyofariki Rais Magufuli, mwaka 2021. Hapa Dodoma, mji ambao yeye ndiye aliyeihamishia Serikali kwa vitendo, kuna nyumba ambazo siku hiyo wanakwenda ibadani. Ukipitisha watoto barabarani wamepakwa rangi wanapiga filimbi, jirani hatakuelewa. Fikiria hilo kabla ya sufuria.


MAMA AOIFE, IPAGALA

Mzee Katekista, asante sana. Nimemsomea mume wangu kwa simu maneno yako kuhusu ungamo, akanyamaza kidogo, kisha akasema shuleni walilazimishwa kulisoma na hakusikiliza. Ndiyo hao.

Shangazi, jana nimejaribu mkate. Sikukanda. Aoife alichora msalaba, Ronan akachora na wake wa pembeni, kwa hiyo tulikula mkate wenye misalaba miwili. Kwa chai ya rangi umekubali mno.

Mwana wa Chilonwa, umesema kweli mbili na nakupa zote. La tarehe ya Magufuli nilikuwa nimelisahau kabisa kwa upande huu. Basi siku yenyewe, Jumanne, tutabaki ndani: chakula jua likizama na kisa. Ya nje, ya kelele, iwe Jumapili ya kabla yake jioni.

La zeze na muheme nimelipeleka kwa mwenyewe, yaani mama. Nilimwambia kuna gwaride na halina ngoma. Akauliza gwaride la nini. Nikamweleza habari ya mtumwa mchungaji, hakuonekana kuguswa. Nikamweleza habari ya njaa. Hapo akaweka ungo chini. Ninyi mnajua wazee wetu wa Ugogo wanavyoisimulia Mtunya, ile njaa ya wakati wa Vita ya Kwanza na baada yake, majeshi yamebeba nafaka na ng'ombe, mvua hakuna. Bibi yake mama alikuwa mtoto mwaka ule. Nikamwambia kwao Mayo nao viazi vilioza shambani kuanzia 1845, miaka mfululizo, wakafa watu kama milioni moja na wengine zaidi ya milioni wakapanda meli kuondoka, na Mayo ilikuwa kati ya sehemu zilizoumia zaidi. Ndiyo maana utamkuta Muayalandi kila pembe ya dunia, na ndiyo maana gwaride kubwa liko New York. Mama akauliza, "Kwani hawakuwa na mtama?" Hawakuwa nao. Akasikitika kweli, akasema watu wa zao moja wana hatari. Kisha akaniuliza wanawake wenzake wa Bahi wenye ngoma za muheme nauli yao ni shilingi ngapi.

Kwa hiyo Mwana wa Chilonwa, njoo uone muheme ukiongoza gwaride la Mayo, halafu uniambie watoto wamejifunza cha nani.

Sasa naomba mtu aliyewahi kuishi huko aniambie: mtoto wa kule siku hiyo anavaa nini, anafanya nini? Sio ya watalii.


MSOMI WA DUBLIN

Dada habari. Mimi ni wa Mpwapwa, niko Dublin masomoni, ninaishi kwenye nyumba ya familia yenye watoto watatu, hivyo nimeyaona kwa ndani.

Gwaride kubwa la hapa linapita O'Connell Street na ni la watalii kweli. Tamasha lake la siku kadhaa lilianza miaka ya 1990 tu. Vijijini ndiko kuzuri: trekta la huyu, gari la zimamoto, timu ya mpira ya watoto, mbwa, mtu kavaa kama Patrick na ndevu za pamba, dakika ishirini limeisha na watu wanalalamika baridi. Hicho Ipagala mnakiweza. Toroli la maji, bajaji mbili, watoto, muheme. Mmeshamaliza.

Kuhusu pombe usione aibu kuwajibu watu. Siku hiyo ni mapumziko ya taifa tangu 1903, na kwa miongo kadhaa, tangu miaka ya 1920 hadi karibu 1960, baa zilifungwa kwa sheria. Bia ya kijani imetoka ng'ambo. Hata rangi ya kijani yenyewe ilichukua muda. Zamani Patrick alihusishwa na bluu. Kwa hiyo sare za shule za bluu, mwachie Ronan aende nazo, yuko sahihi kuliko kofia za plastiki.

Watoto wa hapa asubuhi wanabandika kifuani kishada kidogo cha jani la shamrock, lile lenye vijani vitatu. Inasemwa Patrick alilitumia kufundishia Utatu. Katika maandishi yake halimo, ni simulizi la baadaye sana, lakini ndilo linaloshikika mkononi. Kwenu halioti. Ila dada, umewahi kuliangalia jani la kunde? Vijani vitatu juu ya kikonyo kimoja! Machi shambani kunde zimejaa. Asubuhi watoto wakachume, wabandike kwa pini, zinazobaki zinaingia chunguni. Nilipowaonyesha picha ya kunde za mama yangu watoto wa nyumba hii walisema ni shamrock lililoshiba.

Na Dodoma mwezi Machi ndiyo wakati pekee mji wetu uko kijani. Oktoba usingethubutu. Huko Mayo upo mlima Croagh Patrick, mita 764, watu wanaupanda kuhiji Jumapili ya mwisho ya Julai, wengine miguu peku. Sisi majabali hatujapungukiwa. Wapandishe kilima kimoja asubuhi ya ile Jumapili, kabla jua halijakaza, watazame kijani kilivyotanda. Mume wako akiwepo, mbebeshe maji.

Lakini kusema ukweli, kama ni mila ya kuanzia na watoto wadogo mimi ningeanza na nyingine iliyo karibu zaidi: Brigid, tarehe 1 Februari. Mwaka huu ni Jumapili. Ni mtakatifu wa kike, wa Kildare, msimamizi wa ng'ombe na maziwa, sasa niambie Mgogo gani atamkataa huyo. Tangu 2023 wamempa siku ya mapumziko ya taifa. Kazi yake ni kusuka msalaba wa matete unaotundikwa juu ya mlango hadi mwaka unaofuata.

Ukindu unafaa kabisa, uloweke kwanza ulainike. Shika unyasi mmoja wima. Kunja wa pili katikati, uukumbatishe ule wa kwanza, ncha zielekee kulia. Zungusha vyote robo mzunguko kinyume cha saa, ili ule uliokunja uelekee juu. Kunja mwingine, uukumbatishe, ncha kulia, zungusha tena. Endelea hivyo, ubane katikati kwa kidole gumba, kila mara mpya unapita juu ya waliotangulia. Baada ya nyasi kumi na mbili au zaidi utaona mraba katikati na mikono minne. Funga ncha za kila mkono kwa uzi, kata zilingane. Wa kwanza utakuwa kituko. Wa tatu utautundika.

Ipo na tarehe 6 Januari, Krismasi ya Wanawake, ambapo kwa desturi wanawake wanatoka kutembeleana na wanaume wanabaki kupika na kuosha vyombo. Mwaka huu imeshapita. Ninaitaja tu.


JIKONI KWA SHANGAZI

Hiyo ya Januari isipite hivihivi. Msomi, rudia kwa herufi kubwa.


MRANGI WA KISASA

Shangazi, taratibu. Kidogo kidogo hujaza kibaba. Tuanze na kunde.


MAMA AOIFE, IPAGALA

Msomi, Mungu akuzidishie. Kunde! Ninazipalilia kila mwaka na sijawahi kuzitazama.

Nimekaa na watoto jana usiku, nimewaachia wachague, kwa sababu nimeona wakichagua wao watadai wenyewe mwakani. Aoife amechukua kisa, ameshaanza kukiandika kwenye daftari la hesabu, na Patrick wake ana mbuzi mwenye jina. Ronan amechukua gwaride, anataka kuwa yeye ndiye Patrick na ndevu ziwe za pamba halisi, sio karatasi. Kilima wamekubali wote wawili kwa sharti la soda juu kileleni, nimesema tutaona. Mkate ni wa wote, msalaba mmoja kila mtu kwa mwaka wake. Mume wangu nimempangia kupika mchuzi siku ile ya Jumanne, awe Manyoni au asiwe Manyoni. Amesema atahamisha ratiba ya kisima. Bibi wa Mayo tutampigia sisi safari hii.

Mama bado anasema Patrick si mtu wa kwetu. Lakini ameuliza kama Brigid alikuwa anakamua mwenyewe au alikuwa na watu wa kumkamulia, na nilipomwambia nitauliza, akasema niulize vizuri. Msomi, jibu hilo tafadhali, maana ninaishi naye wiki hii.

Brigid ni Jumapili hii kwa hiyo nina haraka. Ukindu nimeambiwa Majengo upo lakini wanauza mafungu makubwa ya wasuka mikeka, nami nahitaji wa misalaba mitano sita tu. Kuna mtu wa Ipagala, Ilazo au Nzuguni tugawane fungu? Na Shangazi, ile sufuria yako kubwa ya mchanga, ukiniazima kuanzia Machi 14 hadi 18 nitairudisha na mkate ndani.


JIKONI KWA SHANGAZI

Njoo uichukue Alhamisi. Mfuniko una mpini uliolegea, uje na koleo.